Swali Lisilolipa

Neno kwanta limeshika mji. Msemaji wa motisha anakuahidi mruko wa kwanta kwenye biashara yako kabla mwaka uishe. Mchuuzi wa bangili anakwambia hii yake ina nguvu za kwanta, itakutoa maumivu ya mgongo. Kuna mtu mtandaoni anauza kozi ya kuvuta pesa kwa mawazo, na anaapa kwamba sayansi imethibitisha. Mimi nilisoma fizikia chuoni miaka minne. Kila nikisikia neno hilo likipigwa kwenye spika, huwa nataka kuinua mkono niulize kitu kimoja tu: imethibitishwa kwa jaribio gani, na nani alilifanya?

Kwa sababu majaribio yapo. Yana tarehe, yana wenyewe, yana vyumba vilivyojaa waya na vyuma vya kuokoteza. Stori yake ni tamu kuliko ya bangili. Pia ni stori ya pesa, ama tuseme ya kukosa pesa, na hiyo ndiyo sababu naiandika.

Kazi yangu ni sola. Nafunga paneli juu ya mabati, Kitengela, Rongai, mara nyingine hadi Namanga. Wateja huniuliza betri itakaa miaka mingapi na kama friji itashika usiku. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini kioo cheusi kikianikwa juani kinatoa stima. Jibu lake ni kwanta, na si ngumu. Mwanga hauji mfululizo kama maji ya mfereji. Unakuja kwa vipande, kimoja kimoja, na kila kipande tunakiita fotoni. Ndani ya silikoni ya paneli, elektroni imeshikwa mahali pake, na ili iachiliwe itembee kwenye waya inahitaji nguvu ya kiasi fulani, karibu elektronivolti 1.1. Fotoni yenye kiasi hicho inaikomboa. Fotoni iliyopungukiwa haiwezi, hata ukileta nyingi namna gani. Ni kama mat ambayo nauli yake ni 50 na kila abiria amekuja na 40. Hata wakijipanga elfu moja pale stejini, gari litaondoka tupu, kwa sababu hakuna kuchanga.

Wazo la mwanga kuja kwa vipande lilitolewa na Albert Einstein mwaka 1905, na hilo ndilo lililompa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Mshike huyo mzee, atarudi hapa akilalamika.

Kwa hivyo ugali wangu unatoka kwa kwanta. Lakini watu wangu nyumbani hawahesabu hivyo. Kwao mimi ni mtu aliyesomea fizikia halafu akaishia kupanda ngazi. Sistangu mdogo alipopata matokeo ya kidato cha nne, na fizikia akiwa amepiga A, akasema anataka kuomba kozi hiyo hiyo. Kikundi cha familia cha WhatsApp kikawaka moto. Mjomba akaandika kwa herufi kubwa: HIYO INALIPA? Anti akapendekeza uuguzi, halafu ualimu, halafu uuguzi tena lakini wa ng'ambo. Mama hakuandika chochote. Alinipigia simu usiku.

"Mwanangu, wewe umeipitia hiyo njia. Ongea na mdogo wako. Wewe anakusikiza."

Alikuwa ananiomba nimkataze, bila yeye mwenyewe kulitamka neno hilo. Sikumlaumu. Karo yangu ilitoka kwa ng'ombe wawili, kwa chama chake cha kina mama, na kwa mkopo ambao bado nalipa. Mama anajua bei ya swali.

Nilipokata simu nilijikuta nafikiria mwaka 1964.

Sisi tunaukumbuka huo mwaka kwa sababu ya tarehe 12 Desemba, siku Kenya ilipokuwa Jamhuri. Lakini mwezi mmoja na siku chache kabla ya hapo, tarehe 4 Novemba, makala fupi ilifika kwenye jarida changa la fizikia huko Marekani. Mwandishi wake alikuwa John Bell, mtu wa Belfast. Kwao hakukuwa na pesa. Kati ya watoto wanne, yeye pekee ndiye aliyeendelea na masomo. Wenzake waliacha shule wakiwa na miaka kama 14. Alipomaliza shule akiwa na 16 alikuwa bado mdogo wa kuingia chuo, kwa hivyo aliajiriwa Chuo Kikuu cha Queen's kama mtu wa mkono kwenye maabara ya fizikia. Maprofesa wakamwona, wakamwazima vitabu, wakamruhusu akae nyuma ya darasa la mwaka wa kwanza. Baadaye akapata kazi CERN, kule Geneva, kwenye mashine kubwa za kugonganisha chembe. Hiyo ndiyo ilimlipa mshahara. Swali lililomsumbua alilifanyia kazi pembeni, kama vile watu wa hapa wanavyofuga kuku.

Swali lenyewe ni hili: kabla hujaipima elektroni, iko wapi?

Kwenye darasa letu la kwanta, mwaka wa tatu, mwenzangu aliliuliza swali hilo karibu neno kwa neno. Mhadhiri alikuwa amejaza ubao kwa mlinganyo wa Schrödinger. Akatabasamu, akasema, "Hiyo haiko kwenye mtihani." Tulicheka sote, naye akaendelea kuandika. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na silabasi na wiki tatu. Na hata huko nje, kwenye vyuo vyenye pesa, jibu lilikuwa hilo kwa miaka mingi. Wanafizikia wana msemo wao wa mzaha: nyamaza, kokotoa. Mlinganyo unakupa uwezekano, uwezekano unalingana na kipimo, sasa wewe unataka nini tena?

Einstein ndiye aliyetaka zaidi. Mwaka 1935, yeye na wenzake wawili, Podolsky na Rosen, waliandika kwamba hesabu ya kwanta ni kweli lakini haijakamilika. Ukizalisha chembe mbili pamoja kisha zikaachana zikaenda mbali, kwanta inadai kwamba ukiipima moja unajua papo hapo jibu la nyingine. Einstein aliona maelezo ya busara ni moja tu: zilikuwa na jibu tangu zilipoachana. Kwanta haioni tu kilicho mfukoni mwao.

Mtu yeyote aliyekaa mtihani wa kitaifa hapa Kenya anaelewa hoja ya Einstein bila kuelezwa. Kuna neno lake: mwakenya.

Hebu tufanye hivi. Chukua pacha wawili, uwatie vyumba viwili tofauti, bila simu. Kila chumba kina msimamizi, na kila msimamizi anachagua kwa bahati nasibu swali moja kati ya matatu: A, B au C. Jibu ni ndio au la. Wakimaliza unaleta pacha wengine, halafu wengine, mara elfu nyingi. Unapokusanya karatasi unagundua kitu: kila mara wasimamizi walipouliza swali moja lile lile, majibu yalifanana. Kila mara, bila kukosa. Wewe kama mkuu wa kituo cha mtihani utasema nini? Utasema wana mwakenya. Walielewana kabla ya kuingia, kila mmoja ana kikaratasi chenye majibu matatu, na vikaratasi vinafanana.

Sawa. Sasa tuhesabu. Tuseme mwakenya unasema A ndio, B ndio, C la. Wasimamizi wakiuliza maswali tofauti, jozi ya A na B inafanana, ya A na C haifanani, ya B na C haifanani. Moja kwa tatu. Tuseme unasema ndio kote: jozi zote tatu zinafanana. Andika mwakenya wowote unaotaka. Kwa sababu maswali ni matatu na majibu ni ya aina mbili tu, lazima angalau mawili yafanane. Kwa hivyo maswali yakiwa tofauti, majibu hayawezi kufanana chini ya moja kwa tatu. Ni kama mara 33 kwa kila 100. Chini ya hapo huwezi kushuka.

Badala ya pacha, weka sasa fotoni mbili zilizofungamana, zilizozaliwa pamoja. Badala ya maswali, weka vichujio vya mwanga, kama lenzi za miwani ya jua za aina ya polaroidi, ambavyo unaweza kuviinamisha: nyuzi 0, nyuzi 60, nyuzi 120. Fotoni inapita, hiyo ni ndio, au haipiti, hiyo ni la. Vichujio vikiinama sawa, majibu yanafanana kila mara. Vikiinama tofauti, hesabu ya kwanta inasema yatafanana mara 25 kwa 100.

Ishirini na tano. Hakuna mwakenya duniani unaoweza kukupa nambari hiyo.

Nimeirahisisha, lakini huo ndio uboho wa makala ya Bell. Kwa karibu miaka 30 watu walidhani ubishi wa Einstein ni wa wazee wa baraza, haumaliziki. Bell alionyesha kwamba unaweza kuamuliwa kwa kuhesabu. Ukipata namba ya chini hivyo, basi fotoni hazikutoka nyumbani na majibu mfukoni; ama kama zilitoka nayo, kuna uhusiano kati yake ambao haungoji mwendo wa mwanga. Na hapa ndipo wauza bangili hunyamaza: uhusiano huo huwezi kuutumia kutuma ujumbe, sembuse kuvuta pesa. Kila chumba peke yake kinaona ndio na la zikija ovyo, kama sarafu ikirushwa. Mfanano unaonekana tu siku ile karatasi za vyumba viwili zinapokutanishwa mezani.

Kuhusu jarida lile changa: majarida makubwa wakati huo yalidai ada kwa kila ukurasa. Bell alikuwa Marekani kama mgeni, na aliona haya kuwaomba wenyeji wake wamlipie. Hili halikudai ada, akapeleka huko. Baada ya miaka michache jarida lenyewe likafa. Mojawapo ya makala kubwa za fizikia za karne nzima iliwekwa pale kwa sababu mtu aliona aibu kuomba pesa. Makala ikakaa kimya rafuni.

Aliyeiokota ni John Clauser, mwanafunzi wa shahada ya juu huko New York, mwishoni mwa miaka ya 1960. Wakubwa wake walimwambia anapoteza wakati. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alipokwenda kumwona Richard Feynman, mwanafizikia maarufu kuliko wote wa wakati huo, Feynman alimtoa ofisini. Clauser hakuacha. Alihamia Berkeley, California, akaajiriwa kwa kazi ya unajimu wa redio, na bosi wake akamruhusu atumie sehemu ya muda kwenye jambo lake. Pesa za jaribio hakukuwa nazo za maana. Yeye na mwanafunzi aitwaye Stuart Freedman wakaanza kupekua stoo za chuo, wakachukua vifaa vya majaribio ya zamani, wakaunganisha vyuma wao wenyewe. Ukiona picha za mtambo ule utadhani umepigwa misumari Kamukunji. Ni jua kali kabisa: atomu za kalsiamu zinapashwa ndani ya chombo, zinatoa fotoni mbili mbili, na kila upande kuna kichujio kinachozungushwa na mota.

Mwaka 1972 walitoa matokeo. Walitumia nyuzi tofauti na zangu za mtihani, lakini hoja ni ile ile. Hakukuwa na mwakenya. Kwanta ilisema kweli, na maelezo ya busara ya Einstein yaliporomoka. Clauser mwenyewe alikuwa akitumaini kinyume. Alijenga mtambo ule akitaka Einstein ashinde, mtambo ukamkatalia, naye akaandika ulichomwambia. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mtu wa bangili hajawahi kujenga kitu ambacho kinaweza kumkatalia.

Halafu? Kazi ya uprofesa Clauser hakupata. Swali lake lilikuwa linamnukisha.

Wa tatu ni Alain Aspect, Mfaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitimiza utumishi wake wa taifa kwa kufundisha nchini Cameroon, miaka mitatu, na jioni alikuwa akisoma kitabu kikubwa cha kwanta kilichokuwa kimetoka wakati huo. Aliporudi kwao alijua anachotaka: alirudie jaribio la Clauser, lakini vichujio vibadilishwe wakati fotoni ziko njiani, ili chumba kimoja kisipate nafasi ya kukinong'oneza kingine. Mwaka 1975 alikwenda Geneva kumweleza Bell. Bell akamsikiliza, na swali lake la kwanza halikuhusu fotoni. Alimuuliza kama ana kazi ya kudumu.

Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu ndani ya mat. Huyo ni Mjomba. Huyo ni Mjomba wa kikundi cha WhatsApp, herufi kubwa na zote. Tofauti ni kwamba Bell hakuuliza ili amzuie. Aliuliza kwa sababu alijua njia hiyo humla mtu, na alitaka kujua kama kijana ana kitu cha kukalia. Aspect alikuwa nayo, kazi ya kufundisha. Mwaka 1982 jaribio lake likatoka, na jibu likawa lile lile.

Bell alifariki mwaka 1990, akiwa na miaka 62. Mwaka 2022 Clauser, Aspect na Anton Zeilinger wa Austria walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Clauser alikuwa na miaka 79. Toka 1972 hadi hapo ni miaka 50. Ukimpigia Mjomba hesabu hiyo, atakwambia mkopo wa chuo haungoji miaka 50.

Katikati ya hiyo miaka, lakini, swali liliacha kuwa la baraza. Mwaka 1991 Artur Ekert, akiwa Oxford, alionyesha kwamba fotoni zilizofungamana zinaweza kutumika kutengeneza ufunguo wa siri: mtu akidukua njiani, namba za Bell zinaharibika na unamjua. Mwaka 2015 kule Delft, Uholanzi, jaribio lilifanywa kati ya maabara mbili zilizo umbali wa kilomita 1.3, na mianya yote mikubwa ya ubishi ikazibwa kwa mara moja. Mwaka 2017 Wachina walitumia setilaiti kugawa fotoni zilizofungamana kwa vituo viwili vya ardhini vilivyoachana kilomita 1,200. Kompyuta za kwanta ambazo makampuni yanazimwagia mabilioni zinaendeshwa na ufungamano huo huo ambao Clauser alishauriwa auache. Hata mitambo ya LIGO, inayosikiliza mawimbi ya mvutano yakitoka kwa mashimo meusi yanayogongana, tangu 2019 inatumia mwanga uliofinyangwa kwa kanuni za kwanta ili kupunguza kelele zake. Utafiti wa leo hauulizi tena kama jambo hili la ajabu lipo. Unalishika mkononi kama spana.

Lakini stori ikiishia hapo, inakuwa tena stori ya Wazungu na setilaiti, na sistangu anabaki pale pale na fomu yake. Mwaka 1964 ulikuwa na mambo mengine mawili, na haya yanatugusa zaidi.

La kwanza ni makala ya Pierre Hohenberg na Walter Kohn. Tatizo lao lilikuwa la ukokotoaji. Mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926 ni mtamu ukiwa na elektroni moja. Chukua atomu moja tu ya chuma, ina elektroni 26. Kila elektroni inahitaji namba tatu kusema iko wapi, jumla namba 78, na zote zinategemeana. Ukitaka kujaza jedwali lenye alama kumi kwa kila namba, unahitaji nafasi kumi mara kumi mara kumi, hadi kumi zifike 78: moja ikifuatwa na sufuri 78. Hakuna kompyuta ya hivyo, na haitakuwepo. Kohn na mwenzake walithibitisha kwamba kwa hali ya chini kabisa ya nguvu huhitaji kufuata kila elektroni na mwenzake. Inatosha kujua msongamano: pale elektroni ni nyingi, hapa ni chache. Ni kama kuuelewa mji bila kufuata kila abiria na kila anayeongea naye, ukiangalia tu steji zipi zimejaa na zipi ziko tupu. Kohn alipata Nobel ya kemia mwaka 1998, na leo njia yake ni mojawapo ya zinazotumika zaidi katika fizikia na kemia yote.

La pili: mwaka huo huo Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kule Trieste, Italia. Salam alikuwa amerudi kwao Lahore mwaka 1951 baada ya masomo ya Cambridge, akajikuta peke yake, bila majarida wala mtu wa kubishana naye, na baada ya miaka mitatu akalazimika kuondoka tena. Alijenga Trieste ili mtu wa nchi maskini asilazimike kuchagua kati ya fizikia na nyumbani. Unakwenda miezi kadhaa, unapata chakula cha akili, unarudi kwenu.

Nyuzi hizi mbili zilikutana Eldoret. Kuna shule ya Kiafrika ya kufundisha ukokotoaji huu wa elektroni, inayojulikana kama ASESMA. Ilianza Cape Town mwaka 2010, na mwaka 2012 ilifanyika Eldoret. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikaa na kompyuta zao wakijifunza kukokotoa vitu kwa njia ya Kohn, wakitumia programu ya bure iitwayo Quantum ESPRESSO, ambayo chimbuko lake ni huko huko Trieste. Hakuna mtambo wa bilioni. Unahitaji laptopu, intaneti, subira, na kwa hesabu nzito unaomba nafasi kwenye kompyuta kubwa za Cape Town. Kwa njia hiyo kuna watu kwenye vyuo vyetu, Eldoret, Nairobi, wanaofanya utafiti wa kwanta wa kweli na kuuchapisha. Kigali nayo ilipata tawi la Trieste mwaka 2018. Na Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, azimio liliwasilishwa kwenye Baraza Kuu na Ghana.

Wanakokotoa nini? Mara nyingi, vitu vya sola. Ile 1.1 ya silikoni niliyokutajia ndiyo nauli ambayo elektroni lazima ilipe. Kila kifaa kina nauli yake, na ukiweza kuikokotoa kabla ya kifaa kutengenezwa, unaokoa miaka ya kujaribu ovyo. Bado kuna kazi, kwa sababu toleo rahisi la njia ya Kohn huipunja nauli ya silikoni karibu nusu, na kuirekebisha ni hesabu nzito. Kwa hivyo kati ya mtu anayekaa Eldoret na mlinganyo na mimi niliye juu ya mabati na spana, umbali si mkubwa. Tunashughulikia elektroni ile ile.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua sistangu tukaenda kazi, Kitengela. Alinishikia ngazi, akanipitishia klipu. Saa ya chai nilimchorea mambo ya mwakenya nyuma ya katoni ya inveta. Alichukua kalamu akaandika mwakenya zote nane zinazowezekana, moja baada ya nyingine, akahesabu jozi. Akafika thuluthi moja. Akazirudia, kwa sababu hakuniamini.

"Sasa," akasema, "kama haikuwa na jibu, jibu limetoka wapi?"

Nikamwambia wanafizikia hawajakubaliana hadi leo. Jaribio limeonyesha hadithi gani haiwezi kuwa kweli. Halijasema hadithi ya kweli ni ipi. Wengine wanasema dunia hugawanyika, wengine wanasema swali lenyewe limekaa vibaya, wengi wanasema nyamaza, kokotoa.

"Na kuna mtu analipwa kujibu hilo?"

"Wachache sana."

Nikamwambia na mengine yote, bila kupaka sukari. Kwamba Bell alilipwa kwa mashine za Geneva, Clauser kwa unajimu wa redio, Aspect kwa kufundisha. Kwamba mimi nalipwa kwa kupanda ngazi, na kuna miezi ambayo hakuna ngazi ya kupanda. Kwamba Kohn alifungua njia ambayo mtu wa Eldoret anaweza kuipita kwa laptopu, lakini msomi wa njia hiyo bado anafundisha vipindi vingi kwa mshahara unaochelewa. Swali lenyewe halilipi. Wote waliolibeba walikuwa na kitu kingine kilichowabeba wao. Akae na hilo, kisha aamue.

Usiku nilimpigia Mama.

"Umemkataza?"

"Hapana, Mama. Nimemuuliza alichoulizwa kijana mmoja na mzee anaitwa Bell: kama ana kazi ya kudumu."

"Huyo Bell alikuwa na kazi?"

"Alikuwa nayo, Mama. Nyingine."

Nilisikia redio ya jikoni kwake, na sufuria ikifunikwa.

"Basi naye atafute hiyo nyingine mapema," akasema. "Na wewe umsaidie kuitafuta."

Sistangu ameomba fizikia nafasi ya kwanza, uhandisi wa umeme ya pili. Likizo anafanya kazi na mimi, kwa malipo. Mjomba bado hajatoka kwenye kikundi.